Nguo za Mtoto Kutoka Mosocho

Pale Masimba, mtu aliyetaka kujua bei ya kitu kabla hajaingia dukani alimwuliza kwanza Nyanchera. Aliuza mboga kando ya steji ya matatu, chinsaga na managu alizozifunga kwa nyuzi za mgomba, na siku nzima masikio yake yalikuwa kazini. Alijua duka lililoshusha bei ya mafuta, alijua muuza nyanya aliyepanga nzuri juu na zilizooza chini, alijua sabuni ya mche inayoisha upesi na inayodumu. Wengine walimwita bahili. Yeye hakulijali jina hilo. Lile aliloliogopa maishani lilikuwa kicheko.

Alikuwa amezaliwa huko ndani Nyamira, nyumba ya watoto wengi na chai kidogo. Mdogo wao wa mwisho alipozaliwa, mama yao hakuwa ameandaa kitu, kwa hiyo mtoto alifungwa kwa mfuko wa unga uliopasuliwa, maandishi ya kiwanda yakiwa mgongoni. Nyanchera alikuwa msichana mdogo, amesimama mlangoni mwa zahanati na chupa ya uji. Akawasikia wauguzi wakimcheka mtoto, kisha wakimcheka mama. Mama naye akacheka pamoja nao, kwa sababu hakuwa na la kufanya.

Nyanchera alipopata mimba, baada ya kungoja muda mrefu hadi watu wakaacha kuulizia, hakumtangazia mtu. Alianza kupanga.

Mumewe, Machogu, alikuwa mtu wa kupima majani kwenye kituo cha kukusanyia chai. Alikuwa mpole, mwenye maneno machache, na habari ya mtoto ilimfanya kama amelewa. Jioni moja alirudi kutoka Kisii macho yakimng'aa.

"Nimeona kigari cha kusukuma mtoto," akasema. "Kina kivuli hapa juu, na kamfuko ka kuweka chupa."

"Utakisukuma wapi?"

"Barabarani."

"Machogu, kutoka hapa mpaka barabarani ni mteremko na matope. Mtoto atabebwa mgongoni kama wewe ulivyobebwa." Alipoona uso wa mumewe umeanguka, akalainisha sauti. "Sikiliza. Mtoto mchanga hakai mchanga. Hizo nguo ndogo zinamtosha miezi miwili, mitatu ikizidi sana, halafu zinabana. Ukimnunulia rundo, umenunua vitambaa vya kufutia meza. Tutanunua chache za kubadilisha, tuzifue. Nepi za kitambaa. Beseni tunalo. Pesa zibaki za baada ya kuzaa, kwa sababu nitakaa bila kuuza, na nitahitaji kula ndiyo maziwa yatoke."

Wakakubaliana hivyo. Bonasi ya chai iliyokuwa imeingia kwa simu ya Machogu isiguswe mpaka mtoto azaliwe.

Nyanchera akaanza kuzunguka. Alipekua marundo ya mtumba, akinusa nguo kwapani na kuzivuta kwenye mishono. Aliuliza bei dukani kisha akatoka mikono mitupu. Hakuna kilichomridhisha. Mtumba mzuri ulikuwa ghali karibu sawa na mpya, na wa bei ya chini ulikuwa na madoa ambayo maji ya moto hayangeyatoa. Kila alipofikiria kumvika mwanawe nguo yenye doa, alisikia wale wauguzi.

Ndipo Persis alipomletea habari. Persis alikuwa mke wa Gibson, ndugu yake Machogu, na alifanya usafi katika kliniki moja ya watu binafsi mjini Kisii. Alikuja kibandani, akaketi juu ya kreti, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu karibu.

"Kuna mama mmoja wa upande wa ziwani, anaitwa Sheryl. Anasuka nywele Mosocho. Alijifungua kwetu wiki juzi, mtoto wa kiume. Hakumaliza siku."

"Maskini," akasema Nyanchera, akiendelea kufunga mboga.

"Wanahama. Bwanake, Ogweno, ni fundi wa umeme, amepata kazi kwao. Sheryl hawezi kukaa kwa hiyo nyumba tena." Persis akatazama barabarani. "Nilienda naye kumsaidia kubeba mizigo siku ya kutoka kliniki. Kuna kitanda cha mtoto, neti, shali, kila kitu. Vyote vipya. Havijavaliwa."

Mikono ya Nyanchera ilisimama.

"Mimi sijasema kitu," Persis akasema, akainuka.

Nyanchera alilala na jambo hilo siku mbili. Ya tatu alivaa gauni lake la Sabato, akavaa na sweta kubwa la Machogu juu yake, akaenda Mosocho.

Nyumba ilikuwa chumba na sebule, kwenye ploti nyuma ya kinu cha kusaga. Aliyefungua alikuwa mwanamke kijana, mrefu, kichwa kimefungwa kitambaa, macho mekundu. Alimtazama mgeni juu mpaka chini, akaliona gauni.

"Umetoka kanisani?"

"Nimesikia yaliyowapata," Nyanchera akajibu, "nikaona nije."

Kila neno lilikuwa la kweli. Sheryl akafungua mlango wote. Akamketisha, akaenda kuwasha jiko ingawa Nyanchera alisema asijisumbue, akarudi na chai ya maziwa na mkate.

"Wewe ndiye wa kwanza," akasema. "Watu wanapita pale nje wanaangalia mbali. Wateja wangu wamehamia kwa mwingine. Naomba utuombee."

Nyanchera akaomba. Alikuwa na sauti nzuri ya kuomba, alisifiwa nayo kanisani, na maneno yalimjia bila kuyatafuta. Sheryl alilia akiwa ameinamisha kichwa. Macho ya Nyanchera hayakuwa yamefumba sawasawa. Kupitia mlango wa chumbani aliona kitanda cha mbao kilichopakwa vanishi, neti imekunjwa juu yake, na kando yake begi lililojaa.

Baada ya amina akauliza, "Alizaliwa na kilo ngapi?"

Sheryl akainua uso. Kitu kiliwaka ndani yake, kidogo, kama taa ya nyumba ya jirani.

"Hakuna mtu ameniuliza hivyo," akasema. "Kilo tatu na nusu. Alikuwa mkubwa. Alikuwa na nywele mpaka hapa, na vidole virefu kama vya babake. Tulimwita Ochanda, jina la babu yake. Alilia mara moja, nikamsikia. Wanasema hakulia lakini mimi nilimsikia."

Nyanchera aliitikia kwa kichwa. Tatu na nusu. Basi nguo zilikuwa za kipimo cha kawaida.

Akaweka kikombe chini. "Dada, sitazunguka. Nimesikia mnahama. Vile vitu vya mtoto, mtaenda navyo?"

Sheryl alimtazama kama mtu anayesikiliza redio isiyoshika stesheni.

"Vitu gani?"

"Kitanda. Nguo. Shali."

"Kwa hivyo hukutumwa na kanisa."

"Kanisani naenda. Lakini leo nimekuja kwa hivyo vitu. Afadhali vimfae mtu kuliko viozee kwa stoo."

Nyanchera alingoja kufukuzwa, na alikuwa amejiandaa kwa hilo. Lakini Sheryl aliinuka polepole, akaingia chumbani, akatoka na begi. Akalifungua juu ya meza, akaanza kutoa kimoja kimoja. Vesti nyeupe. Soksi ndogo kama ganda la njugu. Nepi zilizokunjwa pembetatu tayari. Shali ya rangi ya maziwa. Kila kitu kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi.

"Nilinunua kidogo kidogo," akasema. "Mteja akilipa, natenga. Sikununua nguo nyingi za kuzaliwa, kwa sababu wanakua haraka."

"Ndivyo," Nyanchera akasema. Kwa muda mfupi walikuwa wanawake wawili wenye akili moja juu ya meza moja.

Kisha Sheryl akataja bei, nayo ilikuwa ya haki.

"Hiyo ni bei ya duka."

"Ni vipya, mama. Hata hakuvaa."

"Najua. Lakini kitu kikishatoka dukani si cha dukani tena. Na kitanda ni kizito, kukihamisha mpaka kwenu utalipia. Nani mwingine atakuja hapa kukiulizia?" Akangoja. "Wakijua kimetoka wapi?"

Sheryl akataja bei nyingine, ya chini. Nyanchera akatikisa kichwa na kugusa mbao za kitanda kama anatafuta ufa. Bei ikashuka tena. Mwanamke huyo hakujua kupatana, au siku hiyo hakuwa na nguvu za kujua, na kila alipoteremka Nyanchera alihisi ile raha ndogo aliyoizoea, ya kamba inayovutika bila kukwama.

Sheryl alikuwa ameikumbatia shali kifuani. Alipoiweka mezani, ilikuwa na duara mbili za unyevu. Blauzi yake pia ilikuwa imelowa mahali hapo hapo.

"Ni maziwa," akasema. "Yamekataa kukauka."

Nyanchera akaikunjua shali mwangani. "Hii itabidi niifue upya," akasema. "Toa kidogo hapo."

Akatoa.

Walipokuwa wakifunga mzigo kwa kamba, sweta la Machogu lilifunguka. Sheryl aliona tumbo. Alisimama na kamba mkononi, na Nyanchera akaona hasira haiji, ikaja sura nyingine ambayo ilikuwa ngumu zaidi kuitazama.

"Miezi mingapi?"

"Saba."

"Anacheza?"

"Anacheza."

"Naomba nikuguse," Sheryl akasema. "Kidogo tu, nimsikie."

Akanyoosha mkono. Nyanchera alirudi nyuma kabla hajawaza, mikono yote miwili imefunika tumbo, mgongo wake ukagonga kabati.

"Hapana."

"Sikutaka kuku—"

"Nimesema hapana, mama."

Mkono ulibaki hewani, kisha ukashuka. Nyanchera aliweka noti kando ya kikombe chake cha chai, akaita mtu wa pikipiki kutoka barabarani, wakafunga kitanda nyuma. Alipoondoka, mlango wa Sheryl ulikuwa bado wazi na hakuna mtu aliyesimama mlangoni.

Nyumbani, mama mkwe wake, Kwamboka, alikuja kuvitazama. Alikuwa ameambiwa bei na mahali, maana Nyanchera hakuona la kumficha yeye. Kwamboka aligonga kitanda kwa kifundo cha kidole, akapapasa shali.

"Mbuya mono," akasema, vizuri sana. "Mwanangu alioa mwanamke wa kujenga nyumba. Wengine wangeogopa vitu vya maiti. Mbao hazijui kufa."

Nyanchera alifurahi mpaka masikio yakapata joto. Kwa Machogu alisema tu kwamba amevipata kwa watu wanaohama, na Machogu alikiunganisha kitanda akipiga mluzi.

Ukweli alikutana nao kazini. Alikuwa akisoma mizani wakati mwanamke mmoja kwenye foleni alipomwambia mwenzake, kwa sauti iliyotaka kusikika, kwamba mke wa mpimaji amemkamua mfiwa wa Mosocho mpaka tone la mwisho. Machogu aliacha gunia likining'inia.

Jioni hakuvua viatu.

"Ni kweli ulipunguza bei?"

"Ningenunua kwa bei ya kwanza, ungenicheka."

"Na uliomba? Uliomba Mungu, halafu ukapunguza bei?"

"Yeye ndiye aliyeniambia niombe."

"Virudishe."

"Nivirudishe apate nini?" Nyanchera akauliza. "Huyo anataka vitoke. Mimi nimevitoa. Pesa nimempa. Machogu, mtoto wako atavaa nguo nyeupe kutoka hospitali. Hakuna mtu atakayemcheka."

Machogu hakuwa mtu wa kubishana. Aliacha tu kuingia kwenye chumba kilichowekwa kile kitanda.

Nyanchera alijifungua katika hospitali ya serikali, mapema kidogo kuliko walivyotazamia, mtoto wa kiume mwenye mapafu ya mhubiri. Alimvika vesti nyeupe, akamfunga kwa shali, na wanawake wa vitanda vya karibu wakainua vichwa kumtazama. Muuguzi alipita akasema, "Huyu amejiandaa." Hizo zilikuwa saa nzuri kuliko zote alizowahi kuishi.

Mchana Machogu aliingia wodini akifuatwa na mamake. Alikuwa amebeba mifuko ya duka kubwa, miwili kila mkono, kila kitu ndani yake kikiwa na karatasi ya bei. Hakumsalimu mkewe. Alimlaza mtoto kitandani, akaanza kumvua.

"Machogu, atapata baridi," Kwamboka akasema.

Hakusikia. Vidole vyake vikubwa vilihangaika na vifungo. Mtoto alilia, uchi, mwekundu, katikati ya wodi, na wanawake wote waligeuka. Machogu alirarua plastiki kwa meno, akamvika nguo mpya, akakusanya zile za Mosocho kwenye mfuko mtupu.

"Umetoa wapi pesa?" Nyanchera akauliza.

"Bonasi."

"Yote?"

Machogu alifunga mfuko kwa fundo. Kitanda cha pili mtu alicheka, pengine kwa jambo lake mwenyewe. Nyanchera aligeukia ukuta.

Siku Nyanchera alipotoka hospitali, Machogu hakuwepo. Alirudi nyumbani magharibi, amelowa mvua, na nyuma yake mtu wa pikipiki anashusha kitanda kile kile na mfuko wa nguo. Machogu alikaa kwenye kiti bila kubadilisha nguo, Nyanchera akaendelea kunyonyesha, na Machogu akamsimulia.

Alikuwa amekwenda Mosocho kurudisha. Aliwakuta wanapakia gari. Alidhani Sheryl atashukuru. Lakini Sheryl alipoona kitanda kikishushwa, alikaa chini kwenye kizingiti.

"Bwanake akatoka," Machogu akasema. "Akaniuliza nani alikuambia tunavitaka. Akasema, mke wangu ndiyo ameanza tu kupata usingizi, na wewe unamletea kitanda mlangoni. Nikamwambia zile pesa wabaki nazo. Akanishika shati. Akanisukuma mpaka barabarani, na watu wanatazama."

Nyanchera alimhamisha mtoto titi la pili.

"Kwa hivyo umenunua mara mbili," akasema, "na sasa amelia mara mbili. Mimi nilimliza mara moja."

Machogu alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama.

"Yule mama alisema kitu kimoja," akasema. "Alisema bei haikumuuma. Alisema uliruka alipotaka kukugusa, kama vile yeye ndiye aliyemuua mtoto wake."

Mvua ilipiga mabati. Nyanchera angeweza kusema mengi. Alikuwa na hoja kwa kila kitu, na hata sasa zilikuwa zimejipanga mdomoni.

"Nilihofia," akasema.

Lilikuwa neno la kweli, na halikumfaa kitu. Machogu alisubiri kama linalofuata lingekuja. Halikuja, akaenda kulala kwa mamake.

Yaliyofuata yalikuwa hesabu tu, na hesabu Nyanchera aliijua. Duka halikukubali kupokea vitu vilivyofunguliwa. Vile ambavyo havijafunguliwa aliviuza pale Masimba kwa hasara, akinyamaza wateja walipopunguza bei. Pesa za kula baada ya kuzaa hazikuwepo. Kwamboka alileta uji siku chache, kisha akachoka. Kwa hiyo kabla mwili haujapona vizuri, Nyanchera alirudi kando ya steji na mtoto mgongoni, akisimama zaidi kuliko kuketi kwa sababu kuketi kuliuma. Wanawake walinunua mboga zake, maana mafungu yake yalikuwa makubwa. Waliongea naye habari za mvua. Hawakumwuliza tena bei ya kitu chochote.

Mtoto alivaa zile za Mosocho. Hakukuwa na nyingine za kutosha. Machogu alirudi kulala nyumbani, lakini mtoto akiwa na zile nguo hakumbeba. Alingoja aogeshwe. Hapo alimchukua uchi, akamfunga ndani ya koti lake la kazini lenye harufu ya majani mabichi, akatembea naye uani mpaka alie njaa. Nyanchera aliwatazama kupitia dirishani na kufua.

Kama alivyosema mwanzo, nguo zilidumu miezi mitatu tu. Vesti zikabana kwapani, soksi zikagoma kisiginoni. Alizifua zote kwa maji ya moto, akazipiga pasi, akazikunja, akaweka pembeni mwa mboga. Kabla asubuhi haijaisha akaja mwanamke mjamzito kutoka upande wa Keroka, mkali wa macho, akavuta mishono, akanusa kwapa za nguo.

"Hazina doa," mwanamke akasema, kama anamlaumu. "Zilivaliwa na mmoja tu?"

"Mmoja tu."

"Wako huyu?"

"Wangu huyu."

Mwanamke alipatana vizuri, lakini Nyanchera alipatana vizuri zaidi. Alipata zaidi ya alicholipa Mosocho, kitanda akakiuza wiki hiyo hiyo, na kwa pesa hizo akanunua mtumba wa kipimo kikubwa, safi, wa kumfikisha mtoto mpaka atembee, na pesa za nyama zikabaki.

Machogu alipomkuta mtoto na nguo ambazo hakuzijua, alisimama akazitazama kwa muda. Hakuuliza zilikotoka. Akamwinua, akamweka begani, mtoto akamshika sikio. Tangu siku hiyo alimbeba bila koti. Mshahara alioupata mwisho wa mwezi, ambao zamani alimpa mkewe mkononi wakazungumza pamoja cha kununua, aliuweka mezani akatoka nje. Nyanchera alizichukua zile noti, akazigawa mwenyewe.